Kuhamia Arch Linux ukiwa Mtwara: mwongozo kamili kwa mwenye bando dogo na umeme wa kukatikakatika

Nina steshenari ndogo Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu. Nachapa, naprinti, naskani, natoa kopi. Mashine ya dukani ni laptopu ya mtumba yenye RAM GB 4 na SSD ya GB 240. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za umri wa hii yangu hazina. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya laptopu nyingine. Mpwa wangu alipokuja likizo akaifungua, akaipuliza vumbi, akaniambia: "Mjomba, mashine hii haijafa. Nipe siku mbili tuijenge upya. Ila utajenga wewe, mimi nitakaa pembeni."

Mwongozo huu ni zile siku mbili za kuondoa Windows na kuweka Arch Linux, mfumo endeshi mwingine, pamoja na niliyojifunza baadaye nikiwa peke yangu. Miongozo mingi ya Arch imeandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki na umeme wao hauzimi. Huku kwetu swali la kwanza ni jingine: umeme ukikatika sasa hivi, au bando likiisha sasa hivi, nitakuwa nimeharibu nini? Kwa hiyo nimeigawa kazi vipande vipande, na mwisho wa vipande vya mwanzo nasema kama ni mahali salama pa kusimama.

Kwanza jiulize kama Arch ndiyo unayoitaka

Kama unataka mashine ifanye kazi kesho asubuhi na hujali imejengwaje, weka Linux Mint. Nasema hivi kwa moyo mweupe, ni mfumo mzuri sana. Arch ni ya mtu anayetaka kuweka kila kipande kwa mkono wake: diski aigawe mwenyewe, kerneli (kiini cha mfumo) aichague mwenyewe, mtandao auwashe mwenyewe. Ilianzishwa na Judd Vinet wa Kanada, toleo la kwanza likatoka tarehe 11 Machi 2002, na tangu zamani haina matoleo ya mwaka huu na mwaka ujao. Unaisakinisha mara moja, kisha unaisasisha siku zote.

Faida yake niliiona baadaye, mashine ilipogoma kuwaka. Niliweza kuitengeneza kwa sababu nilikuwa najua kila kipande kiko wapi na nani alikiweka. Kwenye flashi ya kusakinishia Arch kuna programu iitwayo `archinstall`, imo tangu Aprili 2021, inayokufanyia kazi hii kwa kukuuliza maswali. Mara ya kwanza usiitumie. Mara ya pili, ukishaelewa, itumie utakavyo.

Sharti moja la mashine: iwe ya biti 64. Arch iliacha kuhudumia mashine za biti 32 mwezi Novemba 2017.

Maandalizi

Usihamie msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikichangamka, watu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanaingia na fomu, wakulima wanataka kopi za vitambulisho, na duka halina dakika ya kujifunza. Sisi tulingoja msimu upite.

Nakili kila kitu chako kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa kutoka kwenye hiyo diski ukiwa kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa ni nakala.

Kuhusu bando: faili la Arch la kuandika kwenye flashi peke yake linazidi GB 1. Ukiongeza mfumo wenyewe, mazingira ya kazi, LibreOffice na Firefox, mimi nilitenga GB 5 na zilitosha. Kama una bando la usiku, shusha faili usiku. Tumia njia ya torrent inayopatikana kwenye ukurasa wa kupakua wa archlinux.org, kwa sababu mtandao ukikatika inaendelea ilipoishia, na yenyewe hukagua kila kipande ilichopokea.

Ukishushia moja kwa moja, hakiki faili. Kwenye Windows fungua terminali uandike, ukiweka jina la faili ulilonalo:

```
certutil -hashfile archlinux-x86_64.iso SHA256
```

Linganisha namba ndefu utakayopata na ile iliyo kwenye ukurasa wa kupakua. Zikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, shusha upya. Kisha liandike kwenye flashi ya GB 2 au zaidi kwa programu ya Rufus, na ikikuuliza namna ya kuandika, chagua DD. Kila kilichokuwa kwenye flashi hiyo kitafutika.

Flashi hii usiitumie kwa kazi nyingine tena. Wiki ya Arch yenye mwongozo rasmi wa kusakinisha, ihifadhi kwenye simu ili uisome hata bila mtandao. Watu wa Kusini tunakumbuka Mei 2024: kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar kule Kilwa, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Wakati kama huo, ulichonacho mkononi ndicho hichohicho.

Hadi hapa hujagusa mashine. Mahali salama.

Kuwasha kutoka kwenye flashi, na kupata mtandao

Ingia kwenye mipangilio ya BIOS (laptopu nyingi ni F2, F12 au Delete wakati inawaka), zima Secure Boot, halafu chagua kuwasha kutoka kwenye flashi. Utaishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi `root@archiso`. Hakuna picha wala kipanya cha kubofyabofya. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Angalia mashine imewaka kwa njia gani:

```
cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size
```

Ikijibu 64, una UEFI, yaani njia mpya ya kuwasha mashine, fuata mwongozo huu kama ulivyo. Ikisema faili halipo, una BIOS ya zamani, na nitakuonyesha panapotofautiana.

Mtandao rahisi kuliko yote ni simu. Iunganishe kwa waya wa USB na uwashe sehemu ya kushirikisha intaneti kwa USB. Kwenye Arch inaonekana kama waya wa kawaida wa mtandao na inapata anwani yenyewe. Kabla ya hapo zima kwenye simu masasisho ya programu na upakuaji wa picha na video, la sivyo simu nayo itakula bando wakati unahangaika. Na ujue kwamba simu iliyochomekwa inachaji kutoka kwenye laptopu, kwa hiyo kama umeme haupo inainyonya betri yako.

Wenye Wi-Fi:

```
iwctl
station wlan0 scan
station wlan0 get-networks
station wlan0 connect JINA
exit
```

Kisha jaribu: `ping -c 3 archlinux.org`.

Hapa kuna jambo linalowakwamisha watu wa mashine za mtumba, na lilinikwamisha na mimi. Betri ndogo ya saa iliyo kwenye bodi, mara nyingi CR2032, huwa imekufa. Mashine inawaka ikidhani ni mwaka wa zamani sana, na saa ikiwa mbovu, vyeti vya usalama vya tovuti na sahihi za vifurushi (programu za Arch zilizofungashwa) vinakataliwa. Utaona makosa ya sahihi na utadhani mtandao ni mbaya. Andika `timedatectl` uone saa. Ikiwa mbali na ukweli na hairekebishiki yenyewe baada ya dakika chache:

```
timedatectl set-ntp false
timedatectl set-time "2026-02-14 06:30:00"
```

Weka tarehe na saa ya siku yako, na kumbuka kwamba flashi inahesabu saa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Betri yenyewe ni rahisi, inunue ubadilishe.

Bado hujabadilisha kitu kwenye diski. Mahali salama.

Diski

Kipande hiki ndicho cha kufanya polepole kuliko vyote. Chaji betri ijae, na kama una UPS itumie.

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL
```

Soma ukubwa na aina, usisome jina tu. Kwangu diski ilikuwa `sda` na flashi `sdb`, lakini kwenye mashine nyingine zinaweza kubadilishana, na SSD za kisasa zinaitwa `nvme0n1`. Chomoa diski yako ya nje yenye nakala. Ndiyo, ichomoe kabisa uiweke mbali. Diski ambayo haijachomekwa haiwezi kufutwa kwa makosa.

Andika `cfdisk /dev/sda`. Kama diski ni mpya itakuuliza aina ya jedwali, chagua `gpt`. Kama ina patisheni (vigawanyo vya diski) za zamani, zifute kwa Delete moja baada ya nyingine. Kisha tengeneza tatu: ya kwanza ya `1G`, aina yake EFI System, ya pili ya `4G`, aina yake Linux swap (akiba ya RAM kwenye diski), ya tatu ichukue yote iliyobaki, aina yake Linux filesystem. Mpaka sasa ni mchoro tu, diski haijaguswa. Ukichagua Write na kuandika `yes`, ndipo yaliyokuwemo yanaondoka. Pumua, soma tena ukubwa wa diski juu ya skrini, kisha uandike.

```
mkfs.fat -F 32 /dev/sda1
mkswap /dev/sda2
mkfs.ext4 /dev/sda3
mount /dev/sda3 /mnt
mount --mkdir /dev/sda1 /mnt/boot
swapon /dev/sda2
```

Wa BIOS ya zamani: anzisha jedwali la `dos`, tengeneza swap na patisheni kuu peke yake, na mstari wa FAT na wa `/mnt/boot` uachane nao. Namba nazo zinashuka, hapa na kila utakapoziona mbele: swap yako ni `/dev/sda1` na patisheni kuu ni `/dev/sda2`.

Umeme ukikatika hapa, utawasha tena kwa flashi, utarudia mistari ya `mount` na `swapon` tu, na kuendelea. Mahali salama.

Kushusha mfumo

Amri inayojenga mfumo ni `pacstrap`. Kwa kawaida haiulizi, inaanza kushusha moja kwa moja. Mimi naiwekea `-i` ili kwanza inionyeshe mzigo:

```
pacstrap -K -i /mnt base linux linux-lts linux-firmware intel-ucode networkmanager grub efibootmgr sudo nano man-db
```

Mwenye prosesa ya AMD aweke `amd-ucode` badala ya `intel-ucode`. Itakuandikia `Total Download Size`, yaani idadi ya MB zitakazotoka kwenye bando, na `Total Installed Size`, nafasi itakayochukua kwenye diski. Hakikisha salio kabla ya kubonyeza Y. Namba hiyo ya kwanza imeniokolea pesa nyingi, na ndiyo sababu mojawapo ya kumpenda `pacman`, msimamizi wa vifurushi wa Arch: hakuna kinachoshuka kwa siri.

Nimeweka kerneli mbili, `linux` na `linux-lts`. Ya pili inabadilika taratibu, na hapa ni tairi la akiba. Inaongeza bando kidogo, lakini ile ya kwanza ikigoma siku wateja wamepanga foleni, unawasha ya pili na kazi inaendelea.

Bando likikata katikati, nunua jingine, rudisha mtandao, rudia amri hiyohiyo. Ikimaliza:

```
genfstab -U /mnt >> /mnt/etc/fstab
cat /mnt/etc/fstab
```

Faili hilo ndilo linaloiambia mashine patisheni gani inakaa wapi. Unatakiwa kuona mistari mitatu, ya `/`, ya `/boot` na ya swap (wa BIOS ya zamani miwili, bila ya `/boot`). Ukirudia `genfstab` kwa bahati mbaya mistari itajirudia, basi ifute iliyozidi kwa `nano`.

Ndani ya mfumo mpya

```
arch-chroot /mnt
ln -sf /usr/share/zoneinfo/Africa/Dar_es_Salaam /etc/localtime
hwclock --systohc
```

Fungua `/etc/locale.gen` kwa `nano`, ondoa alama ya `#` mbele ya `en_US.UTF-8 UTF-8` na mbele ya `sw_TZ UTF-8`, hifadhi, kisha uandike `locale-gen`. Ndani ya `/etc/locale.conf` weka:

```
LANG=en_US.UTF-8
LC_TIME=sw_TZ
```

Menyu nimeziacha kwa Kiingereza ili nikitafuta msaada wa kosa fulani nipate maneno yaleyale wanayoyaona wengine. Siku na miezi nimeziweka kwa Kiswahili. Asubuhi mashine ikiniandikia Jumatatu, naiona ni yangu.

Sasa jina la mashine, nenosiri la root (msimamizi mkuu), na mtumiaji wako:

```
echo duka > /etc/hostname
passwd
useradd -m -G wheel mjomba
passwd mjomba
EDITOR=nano visudo
```

Ukiandika nenosiri hakuna kinachoonekana kwenye skrini, hata nyota. Linaingia. Ndani ya `visudo` tafuta mstari `%wheel ALL=(ALL:ALL) ALL` uondoe alama ya `#` iliyo mbele yake.

```
systemctl enable NetworkManager systemd-timesyncd
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot --bootloader-id=GRUB
grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg
```

GRUB ndiyo programu inayoianzisha kerneli mashine ikiwaka. Wa BIOS ya zamani wataandika `grub-install --target=i386-pc /dev/sda`, bila namba mwishoni, kisha mstari huohuo wa mwisho. Kwenye majibu ya `grub-mkconfig` hakikisha imezitaja `vmlinuz-linux` na `vmlinuz-linux-lts`. Isipozitaja, usiwashe upya, tafuta sababu kwanza.

```
exit
umount -R /mnt
reboot
```

Chomoa flashi. Ikikuuliza jina na nenosiri kwenye skrini nyeusi, umefika. Mpwa wangu hapo alinyamaza kimya akaniacha niitazame mwenyewe.

Mazingira ya kazi

Kwa Wi-Fi andika `nmtui`, ni menyu ya kuchagua kwa mishale. Kwa RAM ya GB 4 nakushauri Xfce, ni nyepesi na haikuchoshi:

```
sudo pacman -Syu xorg-server xfce4 lightdm lightdm-gtk-greeter network-manager-applet firefox
sudo systemctl enable lightdm
```

Vyote vikishaingia, washa upya.

Printa, na faili za wateja

```
sudo pacman -S cups system-config-printer gutenprint foomatic-db-gutenprint-ppds simple-scan
sudo systemctl enable --now cups
```

Printa za HP zinataka `hplip`. Fungua Firefox uandike `localhost:631`, au tumia `system-config-printer`, uongeze printa yako. Kama duka lako linategemea printa moja, tafuta kwanza kama ina draiva ya Linux kabla hujagusa diski. Hili ningeliweka juu kabisa ya mwongozo kwa herufi kubwa, kwa sababu mfumo unaoweza kila kitu isipokuwa kuprinti haufai steshenari.

Kuhusu nyaraka, weka `libreoffice-still`, halafu usisahau fonti:

```
sudo pacman -S ttf-liberation ttf-carlito ttf-caladea
```

Mwanafunzi analeta ripoti ya kurasa 40 iliyoandikwa kwa Calibri. Mashine yako haina Calibri, inaweka fonti nyingine yenye upana tofauti, ripoti inakuwa kurasa 43 na yaliyomo hayalingani tena na namba za kurasa. Carlito imechongwa iwe na upana uleule wa Calibri, Caladea ule wa Cambria, na Liberation ule wa Times New Roman na Arial. Mistari inabaki palepale. Hata hivyo mimi huwaomba wateja wa kazi ndefu walete PDF.

Na flashi za wateja, ambazo zimejaa virusi vya kugeuza mafolda kuwa njia za mkato: virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows na hapa haviamki. Unaona faili zote wazi, za kweli na za uongo, unafungua ile halisi. Mteja bado umwambie flashi yake ni chafu, maana duka la jirani itaamka.

Kusasisha

Hapa ndipo Arch inapopendwa au kuachwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Amri ni `sudo pacman -Syu`, nzima, siku zote. Usiandike kamwe `pacman -Sy` na jina la programu. Ukifanya hivyo unaleta programu mpya inayotegemea maktaba mpya juu ya mfumo wenye maktaba za zamani, na kitu fulani kitavunjika, pengine `pacman` mwenyewe.

Kabla ya kusasisha soma habari kwenye ukurasa wa mbele wa archlinux.org. Dakika mbili tu. Mfano wa kweli: Juni 2025 kifurushi cha `linux-firmware` kiligawanywa vipande kulingana na watengenezaji wa vifaa. Waliosasisha bila kusoma walikutana na kosa kwamba faili za nvidia tayari zipo. Waliosoma walikuta dawa imeandikwa: `pacman -Rdd linux-firmware`, kisha `pacman -Syu linux-firmware`.

Mimi nasasisha mara moja kwa wiki, baada ya kufunga duka, na nimetenganisha kushusha na kusakinisha:

```
sudo pacman -Syuw
```

Hii inashusha tu na kuweka ghalani, `/var/cache/pacman/pkg`. Naifanya kwa bando la usiku. Umeme ukikatika wakati huo, mfumo haujaguswa. Kisha betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa:

```
sudo pacman -Su
```

Kati ya amri hizi mbili usisakinishe kitu kingine chochote.

Kwa nini baada ya kufunga duka? Kerneli ikisasishwa, moduli (vipande vyake vya kuendeshea vifaa) za ile inayoendelea kufanya kazi zinaondolewa kwenye diski. Mashine inaonekana nzima, lakini mteja akichomeka flashi haisomeki, kwa sababu moduli inayohitajika haipo tena. Washa upya tu, itasomeka.

Ghala linajaa. Weka `pacman-contrib`, na mara kwa mara andika `sudo paccache -r`: inabakisha matoleo matatu ya kila kifurushi. Usilifute lote, kwa maana toleo jipya likikusumbua unarudi la zamani bila kutumia bando, kwa `sudo pacman -U` na njia ya faili lililomo humo.

Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha

Ilinitokea. Betri ilikuwa imechoka, nikapuuza, umeme ukaenda wakati kerneli inaandikwa. Ulipoanza kurudi mashine ikawa inasimama kwenye GRUB ikisema faili la kerneli halipo. Jaribu kwanza ile kerneli ya akiba kwenye `Advanced options`. Nayo ikigoma, kama kwangu, chukua flashi ya Arch, washa, pata mtandao, kisha:

```
mount /dev/sda3 /mnt
mount /dev/sda1 /mnt/boot
arch-chroot /mnt
rm /var/lib/pacman/db.lck
pacman -Syu
pacman -S linux linux-lts
mkinitcpio -P
grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg
```

Mstari wa pili ndio unaosahaulika (wa BIOS ya zamani hauwahusu). Ukirekebisha bila kuweka `/boot`, kerneli mpya itaandikwa kwenye folda tupu ndani ya patisheni kuu, na mashine itaendelea kutafuta ile ya zamani kwenye patisheni ya EFI. Utakuwa na kerneli ya zamani na moduli mpya, Wi-Fi haitawaka, na utazunguka mchana kutwa. Andika `lsblk` uhakikishe unaziona `/mnt` na `/mnt/boot` zote mbili.

Faili la `db.lck` ni kufuli ambayo `pacman` anaiweka akiwa kazini. Umeme ukikatika inabaki imefungwa. Iondoe pale tu unapojua hakuna `pacman` mwingine anayefanya kazi.

Kama `arch-chroot` inakataa ikilalamika kwamba faili la maktaba ni fupi mno, maana yake maktaba iliandikwa nusu. Basi baki nje, na umtumie `pacman` wa kwenye flashi:

```
pacman --sysroot /mnt -Syu
```

Mashine ikiwaka, `sudo pacman -Qk` inakuonyesha vifurushi vyenye faili zilizopotea, navyo unavisakinisha upya kimoja kimoja.

Kumsaidia mwenzako asiye na bando

Rafiki yangu wa Newala alijenga ya kwake kwa mwongozo huu, na mtandao wake ni dhaifu kuliko wangu. Mwisho wa mwezi namtumia masasisho kwa flashi kupitia basi. Flashi iwe na mfumo wa ext4, si FAT32. Majina ya vifurushi vingine yana nukta pacha, kama cha `grub` kinachoanza na `grub-2:`, na FAT32 haikubali alama hiyo, faili zinakataa kunakiliwa.

```
sudo mkdir /mnt/flashi
sudo mount /dev/sdb1 /mnt/flashi
sudo mkdir /mnt/flashi/sync
sudo cp /var/lib/pacman/sync/*.db /mnt/flashi/sync/
sudo cp -r /var/cache/pacman/pkg /mnt/flashi/
sudo umount /mnt/flashi
```

Yeye akiipokea anaipachika vilevile, kisha:

```
sudo cp /mnt/flashi/sync/*.db /var/lib/pacman/sync/
sudo pacman -Su --cachedir /mnt/flashi/pkg
```

Nakili orodha na vifurushi kwa wakati mmoja, mara baada ya wewe kusasisha, ili viwiane. Programu alizonazo yeye ambazo wewe huna, `pacman` ataziomba kutoka mtandaoni, na atamwonyesha ukubwa wake kabla hajakubali.